Tambi za Vietnam: Nyama iliyo pichani na ladha iliyo bakulini

PAKITI ya tambi za papo hapo kutoka Vietnam huahidi makubwa. Juu yake huwa pana picha ya bakuli linalofuka mvuke, vipande vya nyama ya ng'ombe vilivyokatwa vyembamba mithili ya karatasi, majani mabichi ya kitunguu, pilipili nyekundu na kipande cha ndimu. Pembeni, kwa herufi ndogo zinazohitaji miwani, huandikwa kwamba picha hiyo ni ya mfano tu.

Mnunuzi anapoifungua hukuta fungu la tambi kavu zilizojikunjakunja, kifuko cha unga wa supu, kifuko cha mafuta na, akibahatika, chembe za karoti na majani ya kitunguu yaliyokaushwa. Nyama haionekani. Hata hivyo, amwagapo maji ya moto na kulifunika bakuli kwa dakika tatu, harufu inayomlaki afunuapo ni ya nyama ya ng'ombe, tena iliyochemshwa kwa saa nyingi pamoja na viungo.

Harufu hiyo hutoka wapi ikiwa nyama yenyewe haimo? Na mlaji aongeze nini ili kilicho bakulini kikaribiane na kilicho pichani? Maswali haya si ya walafi pekee. Kwa Wavietnam wengi, hasa vibarua wa viwandani, wanafunzi na wapangaji wa vyumba vidogo vya Hanoi na Ho Chi Minh City, pakiti hiyo ndiyo staftahi, na mwishoni mwa mwezi huwa chajio pia. Anachokitia mtu juu ya tambi zake ndicho kinachoamua iwapo amekula mlo au ameituliza njaa tu.

Takwimu za shirika la kimataifa la watengenezaji wa tambi hizo, WINA, zaonyesha kwamba mnamo 2021 kila Mvietnam alikula wastani wa pakiti 87, idadi iliyoipiku Korea Kusini yenye 73 na kuifanya Vietnam kinara wa dunia kwa ulaji wa kila mtu. Mnamo 2023 taifa hilo lilitumia pakiti zaidi ya bilioni 8.1, likawa la nne kwa jumla nyuma ya Uchina, Indonesia na India, nchi ambazo zote zina watu wengi mno kuliko Vietnam.

Msomaji wa Lamu au Mombasa, zitajwapo tambi, huenda akakumbuka zile nyembamba zinazopikwa kwa sukari na iliki, hasa katika mwezi wa Ramadhani. Wa Nairobi naye huenda akawazia zile za pakiti ambazo wengi huziita Indomie, kwa jina la chapa ya Indonesia, hata zikiwa zimetengenezwa na mwingine. Za Vietnam ni jamaa wa hizo za pili, ila zina nasaba na tabia yake.

Kamba wawili na ndege isiyo na rubani

Tambi za papo hapo zilibuniwa nchini Japani. Mnamo Agosti 1958 Momofuku Ando, mwasisi wa kampuni ya Nissin, aliziuza kwa mara ya kwanza zikiwa na ladha ya kuku. Siri yake ilikuwa kuzikaanga katika mafuta tambi zilizokwisha kupikwa kwa mvuke. Mafuta ya moto huyafukuza maji kwa ghafla na kuacha vitundu vidogo vidogo visivyohesabika ndani ya kila uzi. Maji yanayochemka yamwagwapo baadaye hupenya kupitia vitundu hivyo, na tambi hulainika kwa dakika chache.

Ufundi huo ulifika kusini mwa Vietnam katika miaka ya sitini. Kampuni ya Vifon, mojawapo ya za mwanzo kuzitengeneza nchini humo, iliasisiwa mwaka 1963 huko Saigon. Baadaye likasifika jina la Miliket, lililouzwa katika karatasi ya rangi ya kahawia yenye picha ya kamba wawili. Ni kwa sababu ya kamba hao, na ladha yao, ambapo hadi leo watu wa kaskazini huziita tambi zote za pakiti "mì tôm", yaani tambi za kamba, hata zikiwa za ng'ombe. Wa kusini huziita "mì gói", tambi za pakiti, jina lisilo na utata.

Kati ya kuunganishwa kwa nchi hiyo na mageuzi ya kiuchumi ya mwaka 1986, chakula kiligawanywa kwa vibali na mchele ulikuwa adimu. Pakiti ya tambi ilikuwa tunu. Ilihifadhiwa kwa ajili ya mgonjwa, mgeni au mtoto aliyefaulu mtihani. Hilo laeleza ni kwa nini wazee wengi wa Vietnam huizungumzia harufu ya unga ule wa supu kwa namna ambayo vijana hawaielewi.

Ladha ya ng'ombe ilijipatia nafasi ya pekee kwa sababu ya phở, supu ya tambi za mchele na nyama iliyochipuka kaskazini, katika eneo la Nam Định na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya utawala wa Wafaransa. Ng'ombe alikuwa mnyama wa kulima zaidi ya kuliwa. Walaji wakubwa wa nyama yake walikuwa Wafaransa, na mifupa iliyosalia ikaingia katika vyungu vya wachuuzi wa barabarani.

Wakati wa vita, maduka ya serikali mjini Hanoi yaliuza phở isiyo na kipande hata kimoja cha nyama. Enzi hizo Marekani ilikuwa ikizirusha ndege za upelelezi zisizo na rubani juu ya anga ya kaskazini. Wakazi wakaliita bakuli hilo "phở isiyo na rubani". Mzaha huo haujafa. Mtu aagizapo leo tambi za pakiti bila nyama, yai wala mboga, huambiwa kwamba amepata zisizo na rubani.

Tambi hizo ni chakula cha dhiki pia. Mafuriko yalipolikumba eneo la kati la Vietnam mnamo Oktoba 2020, na kimbunga Yagi kilipolipiga eneo la kaskazini mnamo Septemba 2024, makasha ya tambi yalikuwa miongoni mwa misaada ya mwanzo kupakiwa katika malori na mashua. Tatizo ni kwamba aliyekwama juu ya paa hana maji safi wala moto. Ndiyo maana katika majanga yote mawili watu wa kujitolea katika mikoa mbalimbali walikesha wakifunga bánh chưng, keki za mchele wa kunata zilizopikwa ndani ya majani, ambazo aliyeokolewa aweza kuzila palepale.

Nyama bila ng'ombe

Tuirejelee harufu. Supu halisi ya phở huchemshwa kwa mifupa ya ng'ombe kwa saa kadhaa, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, mdalasini, karafuu, mbegu za giligilani, iliki nyeusi kubwa yenye harufu ya moshi, na tunda kavu lenye umbo la nyota ambalo Wavietnam huliita "hồi". Tunda hilo, linalokuzwa kwa wingi katika mkoa wa Lạng Sơn ulio mpakani na Uchina, ndilo hasa linalomfanya mtu aseme "hii ni phở" kabla hajaonja. Kwa mtu wa pwani aliyelelewa kwa pilau, viungo vingi kati ya hivyo ni jamaa wa nyumbani.

Mtengenezaji wa tambi za pakiti hana saa nyingi wala mifupa. Ana njia nyingine. Mnamo 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aligundua kwamba utamu wa supu ya mwani hutokana na glutamati, na akabuni namna ya kuitengeneza kama unga. Mwaka 1913 mwenzake, Shintaro Kodama, alitambua kiini cha utamu wa samaki mkavu, inosinati, ambayo imo pia katika nyama. Baadaye ikabainika kwamba viini hivi vikichanganywa, utamu wake hauongezeki kwa kujumlishwa tu bali huzidishana. Ndiyo sababu pakiti huandikwa E621 pamoja na E631 na E627. Kidogo cha kila kimoja huudanganya ulimi ukadhani kwamba nyama nyingi imechemshwa.

Kiswahili kinamsaidia msomaji hapa kuliko lugha nyingi. Mvietnam huisifu supu nzuri ya nyama kwa neno "ngọt", ambalo ndilo neno lake la sukari, na unga wa glutamati huitwa kusini "bột ngọt", unga mtamu. Mswahili naye husema nyama tamu, mchuzi mtamu, bila ya kumaanisha sukari. Wote wawili walikuwa na neno la ladha hiyo kabla wanakemia hawajaipa jina.

Utamu ni wa ulimini. Harufu ni jambo jingine. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza yanayotokea sukari na asidi za amino zinapopashwa moto pamoja: hubadilika rangi zikawa za kahawia na kutoa harufu mpya. Nyama inapochomwa ndicho kinachotukia. Watengenezaji wa vionjo walikuja kutambua kwamba asidi ya amino yenye salfa iitwayo sisteini, ikipashwa moto na sukari fulani, hutoa harufu ya nyama pasipo nyama. Huongezewa protini ya soya iliyovunjwavunjwa, dondoo la hamira, pilipili manga, kitunguu saumu na unga wa viungo. Baadhi ya kampuni hutia shahamu ya ng'ombe au dondoo la nyama, lakini kwa kiasi kidogo.

Je, huu ni ulaghai? Neno hilo ni kali mno. Pakiti husema "ladha ya nyama ya ng'ombe" wala haisemi "nyama ya ng'ombe", na mtu mzima aliyelipa bei ndogo hatarajii mnofu. Lawama iliyo halali ni ya picha. Mtoto hasomi maandishi madogo, na mzazi aliyechoka hayasomi pia.

Kuna tambi zenye nyama kweli. Vifon, kwa mfano, huuza nchini Vietnam pakiti za phở zenye kifuko cha nyama iliyokwisha kupikwa. Lakini nchi nyingi huweka masharti makali juu ya vyakula vyenye nyama vinavyotoka nje, na kwa hivyo nyingi ya pakiti zinazosafirishwa huandaliwa bila nyama yoyote. Anayezinunua nje ya Vietnam hana budi kuisoma orodha ya viungo badala ya kuiamini picha.

Orodha hiyo ina umuhimu mwingine. Kuandikwa "ng'ombe" hakumhakikishii Mwislamu kwamba mafuta yaliyomo ni ya mimea au ya mnyama aliyechinjwa kisheria. Alama ya halali ndiyo ya kutafutwa, na baadhi ya kampuni za Vietnam huiweka kwa ajili ya masoko ya nje. Vivyo hivyo, kutokuwapo kwa nyama hakumhakikishii Mhindu kwamba hakuna shahamu. Wabudha wa Vietnam, ambao wengi hujiepusha na nyama siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi mwandamo, wana pakiti zao maalumu zenye ladha ya uyoga, zilizoandikwa "chay".

Viungo navyo huleta mashaka yake. Mnamo Agosti 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ayalandi iliamuru baadhi ya tambi za Vietnam ziondolewe madukani kwa kukutwa na masalio ya oksidi ya ethilini, kemikali ya kuulia vijidudu ambayo Muungano wa Ulaya hauiruhusu katika chakula. Muungano huo ukazidisha ukaguzi wa tambi za nchi hiyo. Kilichofuata ni kwamba watengenezaji walilazimika kuchunguza kila kifuko kinakotoka.

Kuonja

"Ladha ya ng'ombe" ya Vietnam si moja. Iko ya phở bò, iliyo nyepesi, yenye harufu ya tunda la nyota na mdalasini. Iko ya bò kho au bò hầm, yaani ng'ombe wa kutokoswa, ambayo ni nzito, ya rangi ya kahawia nyekundu, yenye utamu wa karoti. Na iko ya bún bò Huế, iliyotoka katika mji wa kale wa kifalme wa Huế, yenye mchaichai, pilipili na harufu ya uduvi uliosagwa na kuchachishwa kwa chumvi. Asiyeijua hii ya tatu aweza kudhani kwamba pakiti imeharibika.

Tambi zenyewe ni za aina mbili. "Mì" ni za unga wa ngano, nafaka ambayo Vietnam huiagiza kutoka ng'ambo, na kwa kawaida hukaangwa; mafuta huweza kufikia takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wake. "Phở" na "bún" ni za mchele, hukaushwa bila kukaangwa, na hivyo huwa na mafuta machache. Za ngano huongezwa chumvi za magadi zinazozipa umanjano na ukakamavu. Za mchele ni nyeupe, laini, na hukatika upesi zikikaa majini.

Tofauti nyingine na za Korea au Japani ni kwamba tambi za Vietnam ni nyembamba na zimekusudiwa kurovywa bakulini, si kuchemshwa jikoni. Pakiti ya gramu 75 hutaka maji ya takriban mililita 400, yanayochemka kwelikweli, na kifuniko. Maji ya chupa ya chai yaliyokaa tangu asubuhi hayafai. Tambi hubaki na moyo mgumu na mafuta huelea bila kuchanganyika. Kuzichemsha kwenye sufuria kwa dakika tano, kama wafanyavyo wengi, huzigeuza uji.

Anayetaka kuijua pakiti kabla ya kuipamba aanze na kifuko cha mafuta. Akitie kidogo kwenye kijiko chenye maji ya moto na kunusa. Hapo ndipo zilipo harufu za kitunguu kilichokaangwa, mchaichai na tunda la nyota, nazo zikiwa zimechacha, hakuna kitakachoinusuru supu. Kisha auonje unga peke yake, chembe tu kwenye ncha ya kidole: chumvi hutangulia, utamu wa glutamati hufuata na kukawia pande za ulimi, sukari huja nyuma. Unga ulio chumvi tupu hujulikana papo hapo.

Baada ya hapo atie nusu ya unga, akoroge, asubiri dakika moja na kuonja. Supu inayounguza huuzuia ulimi usipime chumvi barabara. Ikipoa kidogo ndipo huonekana kali. Wengi hutia kifuko chote, wakaona supu iko sawa, kisha wakapata kiu usiku kucha. Kufyonza kwa sauti, jambo ambalo mezani kwetu ni utovu wa adabu, husaidia kuipandisha harufu puani. Waonjaji chai wa mnada wa Mombasa hufanya vivyo hivyo na hakuna awalaumuye.

Kupamba bakuli

Kwa Wavietnam wengi, tambi za pakiti ni chakula "cha moto", si kwa joto la maji bali kwa tabia: huaminika kuuchemsha mwili kwa ndani na kuleta chunusi. Dawa yake ni mboga za majani, zilizo "baridi". Wengine huyamwaga maji ya kwanza yaliyorovya tambi wakiamini kwamba yanaondoa nta. Nta hiyo haipo, lakini kitendo chenyewe hakina hasara, kwa kuwa huondoa sehemu ya mafuta ya kukaangia.

Mboga ipendwayo ni ya jamii ya haradali, yenye uchungu kidogo, inayotiwa bakulini mbichi na kumwagiwa maji ya moto pamoja na tambi. Uchungu huo una kazi: hukata utelezi wa mafuta. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba sana hufanya kazi hiyo, mradi ichemshwe kidogo kwanza maana ni ngumu zaidi. Spinachi hulainika upesi mno. Nyanya iliyokaangwa kidogo kwa kitunguu kabla ya kumwagiwa maji huipa supu ya bò kho uchachu inaoukosa.

Majani ya harufu hutiwa mwisho, yakiwa mabichi. Kwa phở huwa ni rihani yenye harufu ya karafuu na jani refu lenye meno pembeni linalonukia kama dhania. Dhania yetu ya sokoni yatosha. Machipukizi ya pojo, ambayo wengine huziita ndengu, huleta mgutuko wa kutafuna ambao karoti iliyokaushwa haiwezi kuuleta. Wakazi wa Hanoi, badala ya kukamua ndimu, mara nyingi huipa supu ya ng'ombe siki iliyolowekwa vitunguu saumu na pilipili.

Uchachu, uwe wa ndimu au wa siki, ndio mapambo ya bei nafuu kuliko yote na yenye faida kubwa kuliko yote. Huiamsha supu kiasi kwamba nusu ya kifuko cha unga huonekana kutosha. Usitiwe supu ikiwa ingali motoni, kwani harufu ya ndimu huruka na kubaki ukali mtupu.

Yai ni rubani wa maskini. Wapo wanaolivunja ndani ya bakuli na kulimwagia maji ya moto, lakini maji hayo hupoa upesi na ute hubaki mbichi. Ni salama zaidi kulichemsha kando, au kulivunja ndani ya maji yanayotokota na kuliacha lishikane ndipo yamwagwe yote juu ya tambi. Wachuuzi wa Ho Chi Minh City wauzao tambi kavu za kuchanganywa, "mì trộn", hupendelea mayai ya kware, ambayo Wakenya wanayakumbuka kwa ile homa ya mwaka 2013 na 2014 wakati kila mwenye uwanja alipotaka kuwafuga ndege hao. Wachuuzi hao huongeza nyama kavu iliyochambuliwa kama nyuzi na vitunguu vidogo vilivyokaangwa vikawa vikavu.

Kisha nyama yenyewe. Haihitajiki nyingi, gramu 50 hadi 70 kwa bakuli zatosha kubadilisha kila kitu. Nyama laini huwekwa kwenye barafu hadi ianze kukakamaa, ikakatwa vipande vyembamba mno kwa kukingamisha nyuzi zake, kisha ikapakwa kitunguu saumu, pilipili manga na tone la mchuzi wa samaki, ule utokanao na dagaa waliochachishwa kwa chumvi kwa miezi mingi. Katika maduka ya phở vipande hivyo huwekwa vibichi na kupikwa na supu yenyewe. Duka lina chungu kikubwa kinachotokota mchana kutwa. Birika la nyumbani halina nguvu hiyo. Nyumbani ni afadhali nyama ikaangwe kwa moto mkali kwa dakika moja au mbili hadi wekundu uishe, tambi zimwagiwe maji, na nyama itandazwe juu pamoja na mafuta yake. Hapo kifuko cha mafuta cha pakiti chaweza kuachwa.

Anayetia mchuzi wa samaki, nyama kavu au soseji hana budi kupunguza unga. Kosa hili ndilo la kawaida zaidi, na si kosa la ladha tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja kidogo. Si ajabu kukuta pakiti moja ikiwa na miligramu 1,500. Anayeila asubuhi amekwisha kutumia robo tatu ya haki yake ya kutwa kabla hajatoka nyumbani, na mwenye shinikizo la damu pengine ameimaliza yote.

Kuhusu glutamati yenyewe, hofu iliyoenea tangu barua moja ya daktari kuchapishwa katika jarida la tiba la Marekani mwaka 1968 imekuwa kubwa kuliko ushahidi; mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo huihesabu kuwa salama. Cha kuogopwa ni chumvi inayoandamana nayo, mafuta, na ukweli kwamba tambi peke yake ni wanga mtupu. Mtoto anayelishwa tambi zisizo na rubani kila jioni hushiba na kulala vizuri, na hilo ndilo huzuia upungufu kugunduliwa mapema.

Sehemu kubwa ya chumvi hiyo imo katika supu, kwa maana tambi hunyonya kiasi tu. Wanafunzi wa Hanoi wana desturi ya kutia wali wa jana katika supu iliyobaki ili wasipoteze kitu. Mwenye kuijali afya yake ale tambi, mboga na nyama, anywe vijiko vichache vya kwanza wakati harufu ingali juu, na supu inayobaki aimwage.